Fungu Langu la Mpakani

"Hivi jirani, wewe hunywi wala huvuti. Fungu lako la mpakani huwa unamwachia nani?"

Mama Nafuu aliniuliza hivyo mimi nikiwa na vibanio vya nguo mdomoni. Tulikuwa tunaanika, yeye upande wake wa ukuta na mimi upande wangu. Nilicheka mpaka kibanio kimoja kikadondoka. Ningejua swali lile litakuja kukaa sebuleni kwangu pamoja na wakwe, ningeziacha nguo zioze kwenye beseni.

Wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, sogea nikukusanyie yaliyopita.

Mimi ni mjane. Nashona mapazia na sare za shule, na pale kanisani nimekabidhiwa kabati la majoho ya kwaya. Shule niliishia ya msingi, lakini Biblia naisoma bila kufuata mstari kwa kidole. Pombe haijawahi kupita midomoni mwangu. Sigara naijua kwa harufu ya watu wengine.

Mama Nafuu ni jirani yangu wa ukuta mmoja. Jina hilo amepewa na mtaa, maana hanunui kitu mpaka kipunguzwe. Hata akikuta bei ni ndogo ataomba ipungue kidogo kwa ajili ya heshima. Mume wake, dereva mstaafu, ni mtu wa wiski na sigara, na ng'ambo ya mpaka vitu hivyo vinauzwa kama vinagawiwa. Sheria inamruhusu kila mtu mzima arudi na chupa moja na katoni moja bila kulipa ushuru, mradi viwe vya matumizi yake mwenyewe. Mama Nafuu alikuwa na fungu lake. Akalitolea macho na langu.

Nikaenda naye. Jirani aliyekusaidia kumuuguza mume mpaka pumzi ya mwisho, humnyimi safari moja ya basi.

Kule dirishani, ofisa wa forodha, mama wa makamo mwenye miwani, akaniuliza, "Mama, hivi ni vyako mwenyewe?" Nikisema ndiyo, nimedanganya. Nikisema hapana, nimemuumbua mwenzangu mbele ya foleni nzima. Ulimi ukajitafutia kichochoro.

"Chupa ni ya kuchulia magoti," nikasema. "Sigara ni za kufukuzia nondo kwenye nguo."

Ofisa akaigeuza chupa mkononi. Kisha akasema, "Haya, mama. Pole na magoti." Akanipisha.

Ongeza na hili, maana roho ya hadithi yote imelala hapa. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, amechumbiwa na kijana wa mwalimu wa kwaya. Na mwalimu wa kwaya alimzika kaka yake kwa sababu ya pombe. Alishaniambia tangu siku ya kwanza, tena kwa upole: "Mama, umaskini nitaupokea, maradhi nitayapokea. Nyumba inayonuka chupa sitamwingiza mwanangu." Mke wake nilikuwa sijamwona. Kazi yake iko mbali, anakuja mwisho wa mwezi, na ndipo walipopanga kuja nyumbani kwangu kuweka neno la mwisho.

Haya. Twende sasa.

*

Tulipotoka safari, Mama Nafuu hakuningoja hata nivue viatu.

"Lete mali."

"Mali gani?"

"Usinitanie na uchovu huu. Chupa na katoni."

"Jirani, siwezi kukupa."

Akacheka. Akaona mimi sicheki. Akaacha.

"Huwezi kunipa kitu changu?"

"Nimesema ni ya magoti. Nimesema mbele ya serikali, na Mungu anasikia. Nikikupa wewe, nimedanganya. Nikiipaka magotini, nitakuwa nilisema kweli."

"Uongo umeshatoka mdomoni, mwenzangu. Utaurudishaje?"

"Bado si uongo. Ni ahadi ambayo haijatimizwa."

Mama Nafuu akajishusha kwenye kigoda taratibu, kama mtu anayekaa kwenye maji ya moto. "Kumbe nimevuka mpaka na wakili," akasema.

Alinibembeleza. Akasema nipake kifuniko kimoja tu, kilichobaki nimpe. Nikamwambia dirishani sikusema kifuniko, nilisema chupa. Akasema serikali imeshasahau. Nikamwambia serikali ina haki ya kusahau, Mungu hana tabia hiyo.

"Basi nitakulipa pole ya magoti, ukanunue dawa ya kuchua dukani."

"Dawa ya dukani sikuivusha mpaka."

Akaondoka akiongea peke yake. Ila alirudi kesho yake, na keshokutwa. Kila nikimaliza kushona alikuwa anakuja kukaa pembeni yangu kama mtu aliyekuja hospitali kumtazama mgonjwa. Mimi namimina kiganjani, nachua, yeye anatazama chupa inavyoshuka.

"Polepole basi, jirani! Goti moja hilo linakunywa kuliko mume wangu!"

"Ni la kushoto. La kulia halina shida sana."

"Basi la kulia liache lipone lenyewe!"

Na nisifiche jambo. Magoti ya mwanamke anayekanyaga cherehani hayajawahi kukosa la kulalamikia, lakini yalianza kutulia. Nikawa nashuka kupiga magoti kuomba, nainuka bila kushika kitanda. Nikaona Bwana ananiunga mkono.

Siku moja, katika kuchua, nikamuuliza yeye swali.

"Hivi Mama Nafuu, safari hizi zinakulipa kweli?"

"Unauliza jua linatoka wapi? Kule chupa ni nusu ya bei!"

"Nusu ya bei, sawa. Na nauli?"

"Nauli ningetumia hata kama ningekaa."

"Ungekaa, nauli ungeitumia wapi?"

Akafikiri. "Ningeitumia," akasema.

Nikamkumbusha. Soda ya kwenda, soda ya kurudi. Choo cha kulipia, ambacho wote wawili tuliingia tena kabla ya basi kuondoka, kwa hofu tu ya safari. Mwavuli wake mpya alioacha kwenye kiti. Kisigino cha kiatu changu kilichobaki kwenye ngazi ya basi kama kodi. Na siku nzima mapazia ya watu yamelala mezani, hakuna aliyeyagusa.

"Hayo ni ya safari," akasema. "Huwezi kuyaingiza kwenye bei ya wiski."

"Nitayaingiza kwenye nini?"

"Kwenye matembezi! Watu wanalipa kutembea!"

Nikaona bora nimwambie nililokuwa nimelishika siku nyingi, maana ukuta wetu ni mmoja na mimi nina macho. "Zamani mumeo alikuwa ananunua chupa hapa mtaani, kwa bei hii hii unayoiita ya wizi. Chupa ile ilikuwa inakaa kwenu mpaka inashika vumbi. Alikuwa anaipima kwa kizibo. Tangu uanze kumletea ya bei nafuu, vumbi halipati nafasi ya kutua."

Mama Nafuu akanyamaza. Kwa mtu kama yeye, kunyamaza ni kama mwingine kuzimia.

"Akiona ni rahisi, anaona si kitu," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. Kisha akajikaza. "Lakini nusu ya bei, jirani. Nusu!"

*

Zikabaki sigara.

Nilizipasua moja moja, nikakusanya tumbaku. Nikaishonea vifuko vidogo kwa mabaki ya kitambaa cha pazia, vizuri, mshono wa ndani. Kifuko kimoja kwa kila joho. Mama Nafuu hakuja kutazama hilo. Alisema moyo wake una mipaka.

Kabati lile la kanisani halina tundu la hewa, na wiki ile jua lilikuwa kali.

Jumapili kwaya ikavaa, ikaingia kwa mwendo, sauti ya kwanza mbele. Walivyopita katikati ya viti niliona watu wanageuka safu kwa safu, kama mahindi yanayopitiwa na upepo. Harufu ilikuja nyuma yao. Kwaya yangu, iliyovaa meupe kama malaika, ilikuwa inanuka kama gereji.

Sauti ya kwanza walianza kupiga chafya katikati ya ubeti. Mzee mmoja wa besi, aliyeacha sigara siku nyingi kwa maombi na machozi, aliimba amefumba macho, akivuta pumzi ndefu kuliko wimbo ulivyohitaji.

Mwalimu wa kwaya hakusema kitu mpaka ibada ilipoisha. Kisha akawapanga wanaume wote nyuma ya kanisa, akawanusa midomo mmoja baada ya mwingine.

Binti yangu akanivuta kando. Yeye nilishamweleza kila kitu.

"Mama, mwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba nimeweka tumbaku ili nisiwe mwongo?"

"Ndiyo."

"Ataniuliza tumbaku imetoka wapi."

"Utamwambia mpakani."

"Ataniuliza nilivuka na nini kingine."

Binti yangu akafumba macho. "Mama," akasema, "kwa nini hukulipa tu ushuru kama watu?"

Mchuma janga hula na wa kwao. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu utoto. Siku ile niliiona imevaa gauni, imesimama mbele yangu, inaniita mama.

Nikavitoa vifuko vyote jioni ile ile. Nikajiambia nondo watakuwa wameshapata habari.

*

Siku ya wakwe ikafika.

Niliosha sakafu, nikabadilisha mapazia, nikafunika cherehani kwa kitambaa cha kufuma. Chupa ilikuwa imebaki tone la mwisho, na mimi sipendi ahadi iliyobaki tone. Asubuhi nikalimalizia magotini, nikaoga, nikajinusa, nikaona niko sawa. Kumbe mtu hajinusi. Pua ya mtu ni ndugu yake, haimsemi.

Mwalimu wa kwaya alitangulia na kijana wake, fundi umeme, mpole, anayejibu swali baada ya kulizunguka. Mama yake, wakasema, anatoka stendi moja kwa moja, yuko njiani. Tukasalimiana, tukakaa. Binti yangu akaleta vinywaji. Mimi nikashuka magoti kumpa mgeni glasi, kwa adabu, na magoti yangu yakawa karibu na pua ya mwalimu kuliko yalivyopaswa kuwa.

Mwalimu akakunja uso.

Akanusa upande wa kushoto. Akanusa upande wa kulia. Akaitazama glasi yake, akainusa na yenyewe.

"Mama," akasema, "hapa ndani kuna harufu."

"Ni polishi ya makochi, baba," binti yangu akadakia.

Nikamtupia jicho. Uongo mmoja katika nyumba hii ulikuwa unatosha.

"Polishi naijua," mwalimu akasema. Aliweka glasi mezani. "Na harufu hii naijua zaidi. Nimeishi nayo. Nimeizika." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililonitisha. "Jumapili kwaya yangu inanuka tumbaku, kutoka kwenye kabati ambalo ufunguo wake unao wewe. Leo nyumba yako inanuka wiski. Mama, naomba uniambie nisichokijua."

Kijana akamtazama binti yangu. Binti yangu akatazama sakafu.

Nilikuwa nafungua mdomo. Sijui ningesema nini, maana mlangoni ilibishwa hodi, na mama wa kijana akaingia. Akavua viatu, akainuka, akaweka miwani yake sawa.

Ndugu yangu unayesoma, hata wewe umeshajua.

Yule ofisa akanitazama. Akatazama mapazia, akamtazama binti yangu, akarudi kwangu. Uso wake ukafunguka.

"He!" akasema. "Mama! Magoti yanaendeleaje?"

Mwalimu wa kwaya akageuza shingo. "Mnajuana?"

"Tunajuana dirishani," mkewe akasema, akicheka, akija kunishika mikono yote miwili. "Si ndiye yule niliyekusimulia kwenye simu! Mama wa magoti na nondo!"

"Magoti na nondo," mwalimu akarudia, kama mtu anayejifunza lugha.

"Nilikwambia, mume wangu! Watu wananiletea hadithi siku nzima pale. Shangazi ana harusi, babu anafikisha miaka mia, daktari kaniambia ninywe. Huyu akaniambia anachulia magoti na sigara ni za nondo. Nikasema, huyu mkweli. Mtu anayetaka kudanganya angetunga kitu chenye akili zaidi."

Mwalimu akanigeukia. "Kwa hiyo harufu hii ni ya magoti?"

"Ya magoti," nikasema, na ilikuwa kweli tupu.

"Na majoho?"

"Nondo."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Akacheka, mwalimu yule ambaye hata akifurahi hupiga makofi ya polepole tu, akacheka mpaka akatoa leso. "Nimenusa besi wote!" akasema. "Nimemnusa mzee wa watu mpaka meno!" Kijana akacheka. Binti yangu akacheka huku analia. Ofisa akanikalisha kwenye kochi pembeni yake, mkono wake juu ya wangu.

"Nilirudi kwa vijana wangu wa pale ofisini," akaniambia, "wale ninaowafundisha kazi. Nikawaambia, mmemwona yule mama? Mkisahau mtu mkweli anafananaje, mkumbukeni huyo."

Nikahisi mkono wangu unatoka jasho chini ya mkono wake.

Ningenyamaza, ndoa ilikuwa imepita. Na nakiri kwako, nilikuwa nimeshaanza kunyamaza. Nilikuwa nanyamaza vizuri sana.

*

Sasa, ukuta wetu ni mmoja. Mama Nafuu alikuwa upande wa pili, sikio ukutani. Alikuwa amesikia "harufu." Akasikia "wiski." Akasikia "nimeizika." Kicheko hakukingoja. Alikuwa ameshazunguka kwa mlango wa nyuma kuja kuniokoa.

Akaingia kwa kishindo, kanga ya kichwani imelegea.

"Wakwe! Wakwe zangu, msimhukumu huyu mama!"

"Mama Nafuu," nikasema.

"Wewe nyamaza, nakusemea mimi! Ukingoja ujitetee mwenyewe mtoto ataozea nyumbani!" Akajipiga kifuani. "Huyu hanywi! Tone halijui! Chupa ile ni ya mume wangu, nimeinunua mimi kwa pesa yangu! Na sigara ni za mume wangu! Yeye alinibebea tu mpakani, fungu lake lisipotee bure!"

"Jirani," nikasema tena.

"Wala magoti hayakuwa yanamuuma! Ameanza kuyasikia baada ya kupata dawa!"

Akasimama hapo, anahema, anangoja shukrani.

Mkono uliokuwa juu ya wangu ukaondoka, taratibu, bila hasira. Ofisa akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akaivaa tena.

"Mama," akaniuliza. "Chupa ilikuwa ya nani?"

Binti yangu alinitazama. Macho yale ni ya baba yake, hayaniombi kitu, na ndiyo maana yananimaliza. Yule wakili aliye ndani yangu akasimama haraka. Akaninong'oneza: iliishia wapi chupa, si magotini mwako? Basi ilikuwa yako. Tena unaweza kuapa.

Nikamwambia akae.

"Ilikuwa ya jirani," nikasema. "Pesa yake, mume wake. Mimi nilibeba. Magoti niliyakumbuka nikiwa tayari dirishani."

"Na nondo?"

"Nondo nao."

"Kwa hiyo ulinidanganya, halafu ukaenda nyumbani kuufanya uongo uwe kweli."

"Ndiyo, mkwe."

"Usiniite hivyo bado."

Mama Nafuu, ambaye sasa ndipo alipoanza kuelewa huyu mgeni ni nani, alirudi nyuma hatua moja akakalia cherehani yangu.

Mwalimu wa kwaya akajaribu. "Mke wangu, mama hanywi. Nilichokiogopa mimi hakipo. Ni chupa moja tu."

"Kila anayepita pale ana chupa moja tu." Ofisa hakumtazama, alikuwa ananitazama mimi, na usoni mwake niliona uchovu kuliko ukali. "Nilimpisha mbele ya vijana wangu. Nimewapa kama somo. Nikinyamaza kwa sababu ni mkwe, nitakapomwambia mama mwingine afungue begi lake, nitamtazama kwa macho gani? Na nikienda kusema, nimemshitaki mama wa mke wa mwanangu. Wewe mwalimu una wimbo wa hapo?"

"Nitakuja dirishani," nikasema. "Nitalipa ushuru wote na adhabu yake."

"Bidhaa iko wapi ya kulipia?"

Sote tukatazama magoti yangu.

"Nalipa mimi!" Mama Nafuu akaruka kutoka kwenye cherehani. "Kosa ni langu, ushuru ni wangu! Nalipa hata sasa hivi!" Akatoa kipochi kifuani, akasita. Tabia ya mtu ni ngozi. "Kwani pale dirishani, mtu akija mwenyewe kwa hiari... huwa mnapunguza kidogo?"

Kijana alicheka kwa pua. Mama yake akamtazama. Kijana akakimeza kicheko.

Ofisa akasimama, akachukua mkoba wake. Ndipo binti yangu akainuka na kusimama kati yake na mlango. Hakumzuia, alisimama tu, mikono ameifumbata mbele.

"Mama," akasema, "naomba neno moja. Mama yangu alikosa, na mimi nilijua. Jumapili nilimwambia aseme, hakusema, na mimi nikanyamaza naye. Leo nimesema ni polishi. Kwa hiyo na mimi nihesabu."

"Unataka nini, binti?"

"Kama utakwenda kusema, nenda kwanza ukaseme, ndipo urudi utukubali au utukatae. Usitukubali leo kwa huruma halafu ukaenda kusema kesho. Na usinyamaze kwa ajili yangu. Sitaki kuolewa ndani ya nyumba ambayo kila ukiniona unakumbuka ulichonyamazia."

Sikujua nimezaa mtu wa namna hiyo. Nilijua nimezaa mtoto wa kupika na kusoma.

"Lakini," kijana akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu akae. Tukamgeukia wote. Akalizunguka, akalizunguka, akalikosa.

Ofisa aliinua mkono, nikadhani atamsukuma. Akamwekea kola ya gauni sawa, pale ilipokuwa imejikunja, jinsi mama anavyomfanyia mtoto wake anayekwenda shule. Kisha akampita.

Pale mlangoni akavaa viatu, kimoja, kingine, akafunga kamba bila haraka. Mumewe akamwita kwa jina la ndani, jina ambalo hatukupaswa kulisikia. Hakugeuka. Akafungua mlango akatoka bila neno lingine.

Nikakimbilia dirishani, nikasogeza pazia. Mwalimu akaja nyuma yangu, na Mama Nafuu nyuma ya mwalimu, anachungulia juu ya bega.

Alivuka uwanja. Akafika getini, akasimama, mkoba begani.

Kushoto ni kwao. Kulia ni stendi, na basi la mpakani lilikuwa limeshaanza kupiga honi.

Akakata kulia.